Maumivu ya Kiuno: Sindano Si Jawabu la Kila Mgongo

Katika shule ya sekondari niliyopata kufundisha, si muda mrefu uliopita, ilizungushwa karatasi ya michango katika chumba cha walimu. Mwenzetu mmoja, mama wa makamo aliyekwisha kufundisha hisabati kwa miaka 22, alikuwa na maumivu ya kiuno yaliyomsumbua kwa mwaka mmoja na nusu. Hospitali moja ya binafsi ilikuwa imempiga picha, ikamweleza kwamba diski zake mbili zimesagika, na ikamshauri achomwe sindano katika viungo vya mgongo. Na sindano zikishindwa, basi mishipa ya fahamu ya viungo hivyo iunguzwe kwa joto. Gharama yake ilizidi mshahara wake wa miezi mitano. Alikwisha kukopa katika chama cha akiba na mikopo, na kilichopungua ndicho tulichoombwa sisi wenzake. Nami niliandika jina langu katika karatasi ile, na kiasi nilichokiweza. Nayaandika makala haya kwa sababu nililiandika jina hilo bila ya kuuliza swali hata moja.

Yafaa tuanze kwa kukiri kwamba maumivu ya kiuno si ya kudhaniwa. Hakuna picha wala kipimo cha damu kinachoweza kumwambia mwenye maumivu kwamba hayo anayoyasikia hayapo. Kwa hesabu za kimataifa, mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu haya, na inakadiriwa kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna maradhi mengine yanayowazuia watu wengi kiasi hicho kufanya shughuli zao. Humkuta mkulima shambani, dereva katika usukani, mwalimu aliyesimama mbele ya ubao tangu asubuhi, na karani aliyeinamia majalada hadi jioni. Penye wahitaji wengi namna hiyo hapakosi wauzaji, na hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulizungumze.

Kwa miaka ya karibuni zimeingia katika miji yetu mikubwa tiba ambazo husifiwa kwa kuwa hazimpasui mgonjwa, au humpasua kidogo tu. Mgonjwa hulala kifudifudi, hutiwa ganzi ya mahali, na tabibu huingiza sindano ndefu huku akiangalia katika kioo cha eksirei mahali ncha inapofika. Aina zake ni nyingi. Iko sindano ya dawa za jamii ya steroidi inayotiwa katika uwazi unaozunguka mfuko wa uti wa mgongo. Iko inayotiwa katika viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili. Iko ile ya kuunguza mishipa midogo ya fahamu kwa joto litokanalo na mawimbi ya redio, ili isipeleke tena habari ya maumivu kwenye ubongo. Wengine hujazwa saruji ya kitabibu ndani ya pingili iliyovunjika. Na iko mashine ndogo ya umeme inayozikwa chini ya ngozi, waya zake zikapitishwa karibu na uti wa mgongo. Mgonjwa huingia asubuhi, na mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyohiyo akiwa na kitundu kisichozidi tundu la sindano ya kushonea magunia. Ni nani asiyevutiwa?

Lakini udogo wa tundu hauonyeshi ukubwa wa faida. Swali la kuuliza ni je, mgonjwa aliyefanyiwa tiba hiyo hupata nafuu kuliko ambavyo angeipata bila yake? Swali hili haliwezi kujibiwa na mgonjwa mmoja, wala na tabibu wake, hata wote wawili wakiwa waaminifu kabisa. Maumivu ya kiuno yana tabia ya kupanda na kushuka. Mtu hakimbilii hospitali siku ambayo maumivu yamepoa; huenda siku yalipomzidi. Baada ya kilele huwa ni kushuka, na lolote alilotendewa katika siku ile ya kilele, iwe sindano, chuku ya mwumikaji, au mafuta ya nyoka aliyoyanunua stendi ya mabasi, ndilo litakalopewa sifa. Tena kuna nguvu ya matumaini. Mtu aliyelipa fedha nyingi, akalazwa katika chumba safi chenye mitambo, akahudumiwa kwa upole na watu waliovaa majoho, husikia nafuu ya kweli hata kama ndani ya sindano mlikuwa na maji ya chumvi tu. Sisemi hivyo kumdhihaki mgonjwa. Mimi mwenyewe nimewahi kupona jino njiani kabla ya kufika kwa mganga wa meno.

Ndiyo sababu wataalamu waangalifu hufanya majaribio ya namna ya pekee. Wagonjwa hugawanywa kwa kura: nusu hufanyiwa tiba yenyewe, na nusu huigiziwa tu. Hawa wa pili hulazwa katika kitanda kilekile, hutiwa ganzi, huingizwa sindano, husikia mlio uleule wa mashine, lakini kile kinachodaiwa kuponya hakifanyiki. Mgonjwa hajui yuko upande upi. Ikiwa tiba ina nguvu yake yenyewe, basi baada ya miezi kadhaa kundi la kwanza litawapita wenzao. Na kama makundi yote mawili yamepata nafuu sawasawa, basi kilichowafaa si tiba ile.

Saruji ya pingili ilipimwa hivyo. Mwaka 2009 yalitangazwa majaribio mawili, moja la Australia na jingine lililoongozwa kutoka Marekani, kwa wagonjwa ambao pingili zao zilivunjika kwa udhaifu wa mifupa. Waliotiwa saruji na walioigiziwa walipata nafuu iliyolingana. Ilikuwa ni tiba iliyokwisha kutumika kwa miaka mingi, na watu wengi waliapa kwayo. Ni kweli kwamba mabishano hayajaisha kuhusu wachache ambao mvunjiko wao ni mpya kabisa. Hata hivyo, tangu hapo hakuna haki ya kuitangaza kuwa dawa ya kila mwenye pingili iliyobonyea.

Tiba ile ya kuunguza mishipa, ambayo mwenzetu aliandaliwa, ilichunguzwa huko Uholanzi katika hospitali 16, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017. Wagonjwa walikuwa 681, wote wakiwa na maumivu sugu ya kiuno. Wote walipewa mpango wa mazoezi. Nusu yao, pamoja na mazoezi, waliunguzwa mishipa. Waliounguzwa hawakuwapita wenzao kwa kiasi ambacho mgonjwa angekiona kuwa ni cha maana. Uchunguzi huu haukuwa na tiba ya kuigiza, maana yake ni kwamba waliounguzwa walijua kuwa wameunguzwa, na hata matumaini yao hayakuwasaidia kuwaacha wenzao nyuma. Na mwaka 2025 jopo la kimataifa, ambalo ndani yake walikuwamo pia watu wanaoishi na maumivu ya mgongo, lilitoa mwongozo katika jarida la BMJ la Uingereza. Jopo hilo lilipinga kwa nguvu matumizi ya sindano za viungo vya mgongo, sindano za steroidi na uunguzaji wa mishipa kwa maumivu ya mgongo yaliyozidi miezi 3, yasiyotokana na saratani wala ugonjwa wa baridi yabisi ya mgongo. Vyama vya madaktari wanaozifanya tiba hizo vimeukataa mwongozo huo, vikisema kwamba umechanganya wagonjwa wa aina mbalimbali katika chungu kimoja. Hoja yao isipuuzwe. Lakini mwenye kudai kwamba chombo chake kinafaa ndiye anayepaswa kuleta ushahidi. Mnunuzi hapaswi kuthibitisha kwamba hakifai.

Hapa nataka kurudi kwenye ile picha aliyopigwa mwenzetu, kwa maana ndiyo iliyomtisha kuliko maumivu yenyewe. Neno “zimesagika” lina uzito katika masikio ya mtu. Tangu alipolisikia aliacha kuinama, akaacha kuchota maji, akawa anatembea kama mtu aliyebeba mayai kichwani. Sasa tutazame ukweli. Mwaka 2015 wachunguzi walikusanya picha za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa waliokuwa na umri wa miaka 50, asilimia 80 walikuwa na diski zilizochakaa. Na hata katika vijana wa miaka 20 walikuwa asilimia 37. Hao wote walikuwa wakitembea, wakilima na kucheza bila ya kujua. Kuchakaa kwa diski ni kama mvi. Anayempiga picha mwalimu wa miaka 48 hana budi kuzikuta, na kuzikuta si kusema kwamba ndizo zinazomuuma.

Hata hivyo, sipendi msomaji aondoke akiamini kwamba kila sindano na kila kisu ni ulaghai. Wapo wagonjwa ambao diski imepasuka na kipande chake kikabana mshipa wa fahamu, maumivu yakashuka kutoka makalioni hadi unyayoni kama moto wa umeme, na mguu ukafa ganzi. Ugonjwa huo ni mwingine, hata kama mlango wake ni uleule wa kiuno. Kwa wengi wao kipande hicho hunywea chenyewe katika muda wa wiki au miezi. Sindano ya steroidi huweza kuyapunguza kidogo maumivu ya mguu kwa majuma machache. Na yule asiyepata nafuu upasuaji humfaa. Waholanzi haohao walionyesha mwaka 2007 kwamba wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu, waliopasuliwa mapema na waliongojeshwa, walikuwa katika hali moja baada ya mwaka. Tofauti ni kwamba waliopasuliwa mapema walipona upesi zaidi, na katika waliongoja, karibu wanne katika kila kumi hatimaye walilazimika kupasuliwa. Mwaka 2022, katika wagonjwa 613, walionyesha tena kwamba kuitoa diski kwa mrija mwembamba wenye kamera, kupitia tundu dogo, hakukupitwa na upasuaji wa kawaida katika kuondoa maumivu ya mguu. Hiyo ni tiba ya tundu dogo iliyopimwa ikafaulu. Ilifaulu kwa sababu kuna kitu kinachobana, nacho huondolewa. Katika kiuno kinachouma bila ya kubana mshipa wowote, kitu hicho cha kuondolewa hakipo.

Aidha, tundu dogo si tundu lisilo na hatari. Mwaka 2012 huko Marekani, dawa ya steroidi iliyotengenezwa katika kiwanda kimoja cha Massachusetts iliingiwa na ukungu. Ilichomwa katika migongo na viungo vya watu waliokuja kutafuta nafuu tu. Zaidi ya watu 750 waliugua, wengi wao uti wa mgongo, na zaidi ya 60 wakafa. Ikiwa nchi yenye ukaguzi mkali ilifikwa na msiba wa namna hiyo, nasi tunao wajibu wa kuuliza dawa itakayoingizwa mgongoni mwetu imetoka wapi, na chumba kile husafishwa na nani.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi katika biashara hii, nalo ni kwamba huwapotezea muda wale ambao migongo yao ina ugonjwa wa kweli wa kutibika. Katika nchi yetu kifua kikuu bado kipo, nacho hakiishii kifuani. Kifua kikuu cha mgongo, kilichoelezwa na mpasuaji wa London, Percivall Pott, mwaka 1779, hula pingili polepole. Mgonjwa huumwa mgongo kwa miezi, hukonda, hutokwa jasho usiku, na mwisho huota kibyongo au hupooza miguu. Namjua dereva mmoja aliyezunguka miezi saba, akichomwa diklofenaki kila alipofika katika zahanati, mpaka muuguzi mmoja alipomwuliza kama suruali zake zimempwaya. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Alizimeza, na leo anatembea, ingawa kibyongo hakikuondoka.

Kwa hiyo mtu mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa au kukonda, aliyewahi kuwa na saratani, au aliyeanguka vibaya, asijitibu kwa mazoezi wala kwa sindano za mitaani, aende akapimwe. Na yule ambaye ghafula amekufa ganzi sehemu za siri, au ameshindwa kukojoa, au hawezi kuuzuia mkojo wala haja kubwa, asingoje kuche. Huyo ni wa hospitali kubwa yenye wapasuaji siku hiyohiyo, kwa kuwa saa chache zaweza kuamua kama atatembea.

Sasa wengi waliobaki, ambao ndio karibu wote, wafanye nini? Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno yasiyo na chanzo mahususi. Yaliyopendekezwa ni ya kawaida kiasi cha kukatisha tamaa: kumwelimisha mgonjwa juu ya hali yake, mpango wa mazoezi, kukanda na kunyoosha mgongo kwa mikono ya mtaalamu, ushauri wa kumsaidia kuikabili hofu, na dawa za kutuliza maumivu na uvimbe. Yaliyokataliwa ni pamoja na mikanda ya kufunga kiunoni, kuvutwa mgongo kwa mizigo, na dawa za jamii ya afyuni. Naomba wale wenzangu walionunua mikanda ile, na najua ni wengi, wasinikasirikie. Na hizo dawa za kutuliza nazo zisinywewe kama karanga. Diklofenaki ya kila siku huchubua tumbo na kudhuru figo.

Kutembea nako kumepimwa. Huko Australia, katika uchunguzi wa watu 701 ambao walikuwa ndio kwanza wamepona kiuno, uliotangazwa mwaka 2024, waliofuata mpango wa kutembea na kuelimishwa walikaa kwa wastani siku 208 kabla ya maumivu kurudi. Wenzao wasiopewa mpango huo walikaa siku 112. Walitembea kwa miguu tu, wakiongeza kidogokidogo hadi kufikia dakika 30 mara tano kwa juma. Hakuna aliyelipishwa chochote kwa barabara.

Lakini kumwambia mtu “fanya mazoezi” na kumwacha hapo ni kumdharau. Mwenye maumivu ya mwaka mzima huogopa kuinama, na woga huo hauondolewi kwa karatasi. Anahitaji mtu anayejua, atakayesimama naye wiki baada ya wiki, amwonyeshe aanzie wapi, amweleze kwamba maumivu ya siku ya tatu si dalili ya kuvunjika. Mtu huyo ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Tunao, wengine wakiwa wamesomeshwa hapahapa nchini, KCMC kule Moshi. Lakini mwalimu wa wilayani aweza kusafiri kutwa nzima kabla ya kumfikia mmoja. Hapa ndipo kasumba yetu inapojidhihirisha. Tumezoea kuamini kwamba kilicho cha mashine na cha bei kubwa ndicho matibabu, na kwamba kunyooshwa mguu na kijana aliyevaa raba ni mchezo. Mtumishi wa umma hukatwa mchango wa bima ya afya katika mshahara wake kila mwezi. Ana haki ya kudai fedha hizo zimlipie kwanza huduma ile iliyothibitika, na imfikie aliko, kabla ya kuzipeleka kwenye ile isiyothibitika.

Na wakuu wa kazi nao wana sehemu yao. Sidai viti vya pekee, maana hakuna kiti kinachoponya kiuno. Ninachodai ni ruhusa. Mwalimu aruhusiwe kufundisha akiwa ameketi kidogo, karani aruhusiwe kuinuka kila baada ya saa moja bila ya kuonekana mvivu, na anayeumwa arudi kazini kwa nusu siku badala ya kuachwa kitandani mpaka apone kabisa. Kitanda hudhoofisha misuli, na kila juma analolala humfanya arudi kwa shida zaidi. Mkuu wa shule hahitaji waraka wa wizara ili kupanga ratiba ya mtu mmoja.

Mwenzetu yule hakwenda kuunguzwa. Siku chache kabla ya tarehe yake, binti yake, ambaye ni muuguzi, alimwomba aulize hospitali maswali matatu: tiba hii imelinganishwa na tiba ya kuigiza, na matokeo yalikuwa nini? Nisipoifanya, nitakuwa katika hali gani baada ya mwaka? Nikiifanya, nitahitaji kuirudia baada ya muda gani? La tatu peke yake ndilo lililojibiwa: pengine kila baada ya mwaka. Basi akaenda hospitali ya mkoa, akaanza mazoezi. Mwezi wa kwanza alinipigia simu akilalamika kwamba amezidiwa. Mwezi wa nne alikuwa akitembea kutoka nyumbani hadi shuleni. Kiuno chake bado humuuma, hasa wakati wa kusahihisha mitihani, naye husema wazi kwamba kuna siku huijutia ile sindano ambayo hakuchomwa. Mkopo aliulipa kwa fedha ileile aliyokopa, pamoja na riba yake. Michango yetu aliirudisha kwa kufuata karatasi, jina kwa jina. Wawili walikataa kuipokea, na fedha yao ikanunuliwa mikeka minne ya mazoezi, ambayo sasa iko nyuma ya kabati katika chumba cha walimu.